Begi la Tenki: Sumaku, Mikanda au Ringi? Nimelijaribu kwa Vumbi la Dodoma

Tulieni kwanza, kabla hata ya salamu nataka muone kitu. Mpwa, leta kamera huku chini. Zaidi. Hapo hapo. Hili ni sikio la begi la tenki, lile begi linalokaa juu ya tenki la mafuta la pikipiki, na ndani ya sikio kumeshonewa sumaku. Asubuhi nimelifuta kwa kitambaa kikavu, halina hata doa. Sasa nalilaza hapa mchangani, mchanga wa uani kwangu hapa hapa Dodoma, sijaufuata mbali. Naliburuta mara moja tu. Naliinua. Mmeona? Limeota ndevu! Ndevu nyeusi, tena zimesimama wima. Nalikung'uta, hazitoki. Napuliza, hazitoki.

Hizo ndevu ndizo zinazokaa kati ya begi lako na rangi ya tenki lako, kilometa 160 hivi kutoka hapa mpaka Kondoa.

Haya, habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Wiki mbili hatukupandisha video, wengi mmeuliza kwenye maoni kama tuko salama. Tuko salama kabisa. Maiki ndiyo iliyoingia vumbi ikafa, leo tuna mpya, mtanieleza sauti ikoje. Na leo ni begi la tenki, kwa sababu kila nikiweka picha ya pikipiki yangu swali ni hilo hilo: kaka, lile begi pale mbele umelipata wapi, na mimi ninunue lipi?

Pikipiki ni ile ile, Royal Enfield Himalayan, ya cc 411. Mnaijua, sitairudia. Kwa leo mjue jambo moja tu: tenki lake ni la chuma, lita 15. Maana yake sumaku inashika. Na kwa kuwa inashika, mimi nikanunua begi la sumaku, nikaendesha nalo miezi minne. Njooni muone matokeo. Mpwa, tafuta mwanga, inamisha kidogo. Hapa. Mnaliona hili duara lililofifia? Kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Na upande wa pili lipo jingine. Hiyo rangi hairudi, ndugu zangu. Fundi akiipiga msasa ndiyo kwanza inakwisha.

Kampuni ya begi lile siitaji, kwa sababu hili ni tatizo la sumaku, kampuni yoyote iitengeneze. Udongo wetu huu wekundu wake ni kutu ya chuma. Kutu yenyewe hainasi sana. Kinachonasa ni hizi punje nyeusi, magnetaiti, ambazo zimechanganyika humo kwenye mchanga. Ukisimama barabarani kunywa maji, ukaliweka begi chini, basi umeshazoa. Ukilirudisha kwenye tenki, kila mtetemo wa injini, kila tuta, punje zinasaga rangi. Kuna watu wananiambia, weka plastiki ya kulinda rangi chini yake. Nimeweka. Ilisaidia wiki tatu, kisha plastiki yenyewe ikatoboka pale pale kwenye sumaku.

Na msisahau simu. Simu ikikaa karibu na sumaku, dira yake inachanganyikiwa. Ramani inakuonyesha umeelekea Singida kumbe uso wako uko Iringa. Kadi ya benki ile yenye mstari mweusi nyuma, usiiweke kabisa karibu na masikio haya.

Sasa nitakuwa mkweli. Kama wewe unaendesha lami tu, Dodoma, Morogoro, Dar, pikipiki yako ina tenki la chuma, na begi hulishushi mpaka ufike, sumaku ni nzuri. Ni rahisi, haina kufunga wala kufungua, unapachika unaondoka. Rafiki yangu analo mwaka wa pili na tenki lake linang'aa. Lakini yeye hajawahi kukanyaga njia ya Mpwapwa wakati wa kiangazi. Na kabla hujanunua, chukua sumaku yoyote ya friji, iguse kwenye tenki lako. Pikipiki nyingi mpya za safari unachokiona nje ni plastiki, tenki la chuma limejificha ndani au halipo kabisa. Ikidondoka, habari ya sumaku imeishia hapo.

Haya, sasa nije kwenye kitu ninachokipenda. Mpwa, zunguka huku.

Hii inaitwa ringi. Mnaona kifuniko cha mafuta? Pembeni yake kuna bolti ndogo. Unatoa chache kwa elenki, unakaza ringi hii juu yake kwa bolti ndefu zinazokuja nayo. Kabla hujaanza, ziba mdomo wa tenki kwa kitambaa, maana bolti ikitumbukia humo siku yako imekwisha. Na usikaze kwa hasira, uzi wa bolti ni laini, ukizidisha unaung'oa. Chini ya begi kuna kufuli lake. Sasa sikilizeni.

Ka!

Tena. Navuta hiki kikamba cha mbele, linatoka. Nalirudisha. Ka! Mkono mmoja, na glovu nimevaa. Mpwa, hesabu. Moja, mbili, limetoka. Moja, ka! Limerudi.

Kwa nini nashangilia hivi? Kwa sababu ya sheli. Twendeni na picha niliyochukua Kondoa. Yule mwenye fulana nyeupe ana begi la mikanda. Mkanda wa mbele umezunguka shingo ya usukani, wa nyuma umepita chini ya kiti. Afungue klipu ya kwanza, ya pili, alipindue begi upande, kalamu idondoke, upepo uchukue risiti. Bodaboda wanne nyuma yake wanapiga honi, na wana haki, wale wako kazini. Mimi hapo nimevuta kikamba, begi liko begani, wese linaingia. Tenki la lita 15 kwa safari za mikoa yetu utalifungua mara nyingi sana. Kila utakapolifungua utanikumbuka.

Kingine, begi la ringi linakaa juu kidogo, haligusi rangi kabisa. Pitisha kidole hapa. Kinapita. Kifuniko cha mafuta kinapata nafasi ya kuvuta hewa. Begi zito likikandamiza tundu la hewa la kifuniko, mafuta yanashindwa kushuka, pikipiki inakohoa na kuzima, na wewe utaanza kumlaumu fundi wa kabureta bure.

Mabaya yake yapo. Begi limeshikwa sehemu moja, kwa hiyo kwenye makorongo linatikisa kichwa. Mimi nimeongeza mkanda mmoja mdogo mbele, likatulia. Na kufuli lake linaingia vumbi. Niliporudi Mpwapwa lilikuwa gumu, nikavuta mara tatu ndipo likatoka. Nililisafisha kwa mswaki mkavu. Usitie oili! Oili na vumbi letu vinakuwa tope, utalibomoa.

Ringi hizi Givi wanazo, Waitaliano, mfumo wao wanauita Tanklock. SW-Motech wa Ujerumani nao wana wa kwao. Muhimu mjue kwamba ringi ya huyu haikubali begi la yule, na ringi inaendana na aina ya pikipiki, kwa hiyo mtajie muuzaji aina na mwaka. Wapo pia Enduristan wa Uswisi na Giant Loop wa Marekani, hao wanapenda mikanda. Watu wa porini hasa wanawaamini, na ninawaelewa: pikipiki ikilala chini kila baada ya nusu saa, mkanda hauvunjiki, kufuli la plastiki laweza kuvunjika. Kama njia zako ni za kusukuma pikipiki kuliko kuipanda, sikiliza hao, usinisikilize mimi.

Ukubwa. Hapa nitasema kwa kifupi. Langu ni dogo, lita 6, na linatosha. Kaa kwenye pikipiki, begi likiwa limejaa, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia. Honi ikijipiga yenyewe, begi ni kubwa. Kisha simama kwenye vikanyagio kama unavyosimama kwenye vumbi. Mnaona? Tumbo langu haligusi. Begi kubwa lingenisukuma nyuma, na ukisukumwa nyuma gurudumu la mbele linakuwa jepesi mchangani.

Ndani nina chaja, dawa ya macho, glovu za pili, korosho, na nyaraka. Mfuko huu wa juu ni kwa ajili ya trafiki: leseni, bima, kadi ya pikipiki, nakala. Akinisimamisha Nala au Kibaigwa sishuki, nafungua zipu, namwambia shikamoo afande, hizi hapa. Spana siweki humu. Ukiruka mbele kwa ajali, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni begi hili, na spana ikikupata kwenye nyonga ni hospitali. Chuma kaa nacho nyuma.

Dirisha la simu hili la plastiki, sijalipenda hata kidogo. Jua letu la saa saba likipiga hapo simu inazima kwa joto, Bahi hujafika. Ni kama umeiweka kwenye jiko. Mimi simu iko kwenye usukani inapigwa upepo, waya tu ndio unatoka begini kupitia tundu hili.

Bei sasa. Begi nimenunua laki 2 na elfu 80, ringi elfu 65, vyote viwili kutoka Dar, vimekuja kwa basi. Ni hela nyingi, najua. Kuna mtu hapa ana pikipiki ya kazi, Honda XL au boda yake, anasema kaka mimi laki 3 na nusu sina. Nimekufikiria. Nenda kwa wanaoshona maturubai ya malori. Mpe vipimo: upana usizidi viganja viwili, urefu mmoja na nusu, zipu kubwa yenye mfuniko wa kuzuia mvua, mikanda minne. Chini mwambie ashone kipande cha ngozi laini au blanketi, sio turubai tupu, litasugua rangi. Fundi wangu alinishonea begi langu la kwanza kwa elfu 45 na lilinipeleka mpaka bwawa la Mtera na kurudi, mvua ya Januari ikanikuta Iringa road, ndani pakabaki pakavu. Kusema kweli, kwa maji turubai lile linalishinda hili. Hili linategemea koti lake la mvua, hili la rangi ya chungwa, na koti lenyewe likipigwa na upepo mkali linajaa hewa kama puto.

Kwa hiyo msije mkaniambia kwenye maoni kwamba nimesema lazima ununue ringi. Ninachosema ni kwamba, kwa vumbi letu, usipachike sumaku kwenye tenki unalolipenda. Kama umeshapachika, leo usiku toa begi, futa chini yake kwa utepe wa gundi, sio kitambaa, utepe. Bandika, bandua. Tazameni. Ndevu zote zimeondoka na utepe. Kitambaa kingezisukuma tu huku na huku.

Jumamosi ijayo tunapanda Kolo, kwenye michoro ya mapangoni, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lami ni mpaka Kolo, kupanda kule juu ni mawe na mchanga, nataka nione kufuli hili litafanya nini bila ule mkanda wa mbele. Ukiwa Kondoa na una pikipiki, tukutane sheli saa mbili asubuhi. Mwenye ringi ya SW-Motech aje nayo, nataka niisikie nayo inavyolia.