Buti za faya namba 37, hatimaye zimenikaa (nyota 4 kati ya 5)

Mnisamehe hii itakuwa ndefu, kwa sababu nilipokuwa natafuta buti za zimamoto za kumtosha mwanamke hapa Dar sikuona hata mtu mmoja aliyeandika kwa Kiswahili kama zinafaa au ni kupigwa tu hela, nikanunua kwa kubahatisha. Sasa zina miezi nane, nimeingia nazo kwenye moshi, kwenye povu, kwenye yale matope ya Kurasini ya masika, kwa hiyo nikisema kitu hapa nimekijua kwa miguu yangu mwenyewe.

Mimi niko kikosi cha faya cha kampuni. Sio Jeshi la Zimamoto la serikali, sisi ni wale tunaokaa depo la mafuta masaa yote ili moto ukitokea, wakati mtu anapiga 114 ya faya ya serikali, sisi tuko nao tayari. Nilianza 2021, mwaka ule ule soko la Kariakoo limeungua, usiku ule wa Julai nilisimama upande wa Msimbazi na majirani tunaangalia paa linavyowaka na kila mtu anasema lake, mimi macho yangu yote yako kwa wale wanaovuta mipira. Mama angu alijua natania nilipomwambia naingia faya. Kikosini tuko kumi na tisa, wanawake wawili.

Siku ya kwanza stoo wakanipa buti za mpira namba 42. Mguu wangu 37. Namwambia kaka hizi kubwa, ananijibu dada angu hizo ndo ndogo kuliko zote. Basi nikavaa soksi pea mbili na mbele nikajaza gazeti, kama vile viatu vya shule unavyonunuliwa ili ukue navyo, sema kiatu cha shule hupandi nacho ngazi na mtungi wa hewa mgongoni, koti, helmeti, mzigo mzima kilo ishirini na kitu. Kila hatua kisigino kinapanda buti linabaki. Drili ya kuvaa nilikuwa wa mwisho kila siku, ngazi wa mwisho, kuvuta mpira ndo usiseme. Alafu siku moja niko ngazini juu buti la kushoto likachomoka likashuka lenyewe, likapita karibu kabisa na bega la mwenzangu aliyeshika ngazi chini. Hamna aliyeumia namshukuru Mungu. Kiongozi wa shifti akaangalia buti, akaniangalia mimi niko juu na soksi ina tundu, akasema "nilisema hawa wakae redioni". Miezi mitano nikakaa redioni napokea simu na kuandika kitabu cha matukio.

Na mimi nikaamini! Hilo ndo linaniuma mpaka leo. Niliamini sina nguvu, nikawa naamka saa kumi alfajiri nakimbia, napiga pushapu, nabeba ndoo mbili za maji ngazi za ghorofa nne. Nikirudi kwenye drili nikivaa yale mabuti, niko vile vile.

Kilichonifungua akili ni kusoma habari za Brenda Berkman wa New York. Zimamoto ya jiji lile ilifungua mtihani kwa wanawake 1977, hata mmoja hakupita ule wa viungo, yeye akaenda mahakamani kudai mtihani wenyewe haupimi kazi, na 1982 jaji akakubali. Mtihani ukabadilishwa, wakaingia wanawake kama 40. Nikajiuliza, mimi hapa napimwa nguvu au napimwa gazeti lililoko ndani ya buti?

Haya tuje kwenye bidhaa. Nimezinunua kwenye duka la vifaa vya usalama kazini pale Gerezani, sio za kukuta shelfuni, za kuagiza. Muuzaji swali lake la kwanza "unamnunulia mzee?" Nikamwambia za kwangu kaka, akacheka, ila baada ya hapo alinihudumia vizuri sana, akatoa karatasi nikasimama juu yake bila kiatu akachora miguu yote miwili, kumbe wa kulia umeuzidi wa kushoto kidogo, umri wote huu sijui. Akanipa somo ambalo ningelipa hela kulipata, kwamba buti ya mwanamke sio ya mwanaume iliyopunguzwa namba, kalibu yake ni tofauti, kisigino chembamba na sehemu ya shavu la mguu imekaa kivingine. Ukichukua ya mwanaume namba ndogo urefu utakutosha ila kisigino kitacheza tu.

Bei laki saba na themanini. Ndio, nililia. Nimelipa kwa awamu tatu na zimechukua wiki sita kufika wakati niliambiwa tatu.

Unapoangalia angalia kwenye ulimi, lazima kuwe na EN 15090, yaani kiwango cha Ulaya cha buti za faya, na herufi F2A na kale kapicha ka mtu wa faya. F2 maana yake ni ya kuzima moto na uokoaji, ina kinga ya vidole na soli isiyopitisha msumari. Ile A ni ya kupunguza umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini ukitembea, na kwetu kwenye depo la mafuta hiyo A bora ukose chakula kuliko kuikosa, cheche moja tu ya kijinga inatosha. Kofia ya vidole inahimili joule 200, kwa lugha yetu ni kama kitu cha kilo ishirini kikudondokee kutoka mita moja. Ukiona buti limeandikwa fire kwa urembo tu ubavuni na ndani hamna namba hizo, hilo ni la mazishi ya kiongozi na gwaride.

Ngozi ilikuwa ngumu wiki mbili za kwanza, nilipata lengelenge juu ya kifundo. Baada ya hapo raha. Zina zipu mbele kwa hiyo unafunga kamba mara moja inavyokutosha, king'ora kikilia unapandisha zipu tu. Muda wangu wa kuvaa kila kitu mpaka barakoa ulikuwa dakika moja na sekunde hamsini, kwa buti hizi, bila mazoezi mapya yoyote, umekuwa sekunde hamsini na nane. Yule yule kiongozi wa shifti ndo alikuwa na saa mkononi. Aliitikisa kwanza.

Nyota moja nimekata kwa zipu, mchanga ukiingia inakwama, tembea na mswaki wa zamani na nta ya mshumaa. Na joto jamani, Dar ya Januari ndani ya buti hii ni kupika pilau, soksi badilisha kila mapumziko.

Sasa hivi niko kwenye gari, sio redioni, na mwaka huu kampuni imeagiza pea nne namba 37 mpaka 39 kwa sababu wameajiri wasichana wengine wawili. Hakuna aliyeniambia samahani lakini stoo wananiita kuja kuangalia zikifika. Mtaani bado ni vituko, lugha yetu haina hata tatizo la fireman la Kiingereza lenye mwanaume ndani yake, mtu wa faya ni mtu wa faya tu, ila juzi nimeshuka kwenye gari na gia zote mzee mmoja akanipita mbio anauliza "afande mwenyewe yuko wapi?" Nilikuwa nimeshika nozeli, mzee wangu.

Kilichobaki ni glavu. Nilizonazo ni namba 9, vidole vinabaki vitupu mbele, kufungua vali nazo ni kama kuokota sindano na mto. Anayejua Dar au hata Mombasa wanapouza zenye EN 659, kiwango cha glavu za faya, namba 6 au 7 aniandikie hapo chini, na kama muuzaji hajawahi kuzisikia niambie pia nisipoteze nauli.