Vizibo vya masikio vya Etymotic ER20XS kwenye muziki wa jukwaani

Anayesita kuvaa vizibo ukumbini huogopa jambo moja: muziki utakuwa mbali naye na mwili hautasisimka. Kwa ER20XS, vizibo vya kampuni ya Etymotic ya Marekani, hofu hiyo haina msingi kwa msikilizaji wala kwa anayeingia uwanjani kucheza. Kwa mwimbaji na mpiga tarumbeta ina msingi, ila dawa yake ipo.

Kila kizibo ni kijiti kifupi chenye kofia tatu za mpira laini, ndogo mbele na kubwa nyuma. Ndani yake mna tundu lenye kichujio. Kichujio ndicho unacholipia. Sponji za kawaida, zile za kiwandani, hukata sauti nyembamba kuliko nene, ndiyo maana muziki unasikika kama uko chumba cha pili. Kichujio hiki hushusha nene na nyembamba kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo matoazi yanabaki matoazi na fidla inabaki na ung'avu wake.

Kipimo chake halisi ni taarab. Herufi kama s, sh, f na ch hukaa kwenye sauti nyembamba, na sponji huzila zote. Ukizivaa unasikia mwimbaji analalama bila kujua anamsema nani. Katika taarab hilo ni kukosa nusu ya burudani, kwa sababu watu huinuka kwenda kutunza pale fumbo linapogusa, na mikono hupanda kwa neno kabla ya mdundo. Kwa ER20XS iliyokaa sawasawa maneno yanapita. Kwa hili peke yake tunaviweka mbele ya sponji yoyote, hata kama sponji inakata kelele zaidi.

Na mwili je? Besi haiji kwa tundu la sikio peke yake. Inatikisa kifua, tumbo na sakafu unayoikanyaga, na mtikisiko huo hufika hadi kwenye viungo vya kusawazisha mwili vilivyo ndani ya kichwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa matokeo ya onyesho la kundi la muziki wa elektroniki la Orphx, ambapo spika za sauti nene mno, kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 8 na 37, ziliwashwa na kuzimwa kwa zamu bila hadhira kuambiwa. Zilipowaka, watu walicheza kwa karibu asilimia 12 zaidi, ingawa sauti hizo ni vigumu mno kuzitambua kwa sikio. Njia hiyo kizibo hakiifungi. Kusisimka nywele nako hutegemea sana mabadiliko: sauti moja kuingia baada ya kimya, ala zote kupanda kwa pamoja. Kila kitu kikishuka kwa kiasi kimoja, tofauti hizo zinabaki palepale.

Sasa hesabu. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha kelele cha desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilipendekeza kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Mbele ya spika za taarab ya kisasa au singeli, 100 hufikiwa kwa urahisi. Kampuni inataja upungufu wa desibeli 20, lakini ukadiriaji rasmi wa maabara ni 13. Tumia 12 kwenye hesabu yako, igawanyike kwa 3: 100 inakuwa 88, na dakika 15 zinakuwa saa 4. Sikio lina kinga yake pia, msuli mdogo unaokaza mifupa ya ndani sauti inapopanda, ila huchelewa kidogo na huchoka, kwa hiyo pigo la ghafla la dramu hupita kabla haujakaza. Masikio yakivuma usiku baada ya onyesho, chembe za ndani zimechoshwa. Zikifa hazioti tena.

Tatizo ni kwa wanaotumia pumzi. Ukiziba sikio, sauti yako inayopita kwenye mifupa ya fuvu hunaswa ndani ya tundu na kuvuma. Mwimbaji anajisikia mkubwa, anapunguza nguvu, na fundi mitambo anahangaika kumpandisha. Mpiga tarumbeta na saksafoni hupata hali hiyohiyo, tena kali zaidi. Mpiga dramu hufanya kinyume: hasikii makali ya pigo, anapiga kwa nguvu zaidi na viwiko vinauma kesho yake. Na mwenye woga wa jukwaa ajue kwamba moyo ukienda mbio na pumzi ikifupika, vizibo vitamfanya avisikie vyote viwili. Asivivae kwa mara ya kwanza siku ya onyesho. Avivae mazoezini kwanza, na siku yenyewe dakika 10 hadi 15 kabla ya kupanda, ili ubongo uzoee. Kuvaa sikio moja tu, kama wengi wafanyavyo, kunaacha la pili likiumia na kuvuruga hisia ya sauti inatoka wapi.

Mvumo hupungua sana kizibo kikiingia ndani vya kutosha, na hapo ndipo wengi hukosea. Lowanisha kofia kidogo kwa maji. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisha sukuma huku ukizungusha taratibu. Halafu funika masikio yote mawili kwa viganja: muziki ukishuka sana, kizibo hakijakaa. Kama kinateleza kila ukitabasamu au kuimba, saizi ni ndogo; zipo mbili, ya kawaida na kubwa, na si ajabu sikio la kulia likataka tofauti na la kushoto. Kutoa, zungusha kwanza ili hewa iingie, kwani kuvuta ghafla kunaweza kuumiza ngoma ya sikio. Futa nta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, bila kuzamisha, maana kichujio kikiziba sauti hupotea upande mmoja. Mwenye sikio linalotoa usaha asivivae kabisa.

Kwa bei ya karibu dola 20 za Marekani, msikilizaji, mwanakwaya, mpiga gitaa na mpiga kinanda wamepata wanachohitaji. Mpiga dramu na anayesimama kando ya spika kila wikiendi wanahitaji zaidi: vizibo vya kuchongwa kwa umbo la sikio, vinavyopimwa na mtaalamu wa usikivu na kubadilishwa vichujio vya desibeli 9, 15 au 25. Bei yake ni mara kadhaa ya hii.