Northern Lights Auto kwenye hema la sentimita 60: nimeipanda mara mbili, haya ndo niliyoyaona

Hii nawaandikia Waswahili wenzangu mliopo Ujerumani, maana simu zimekuwa nyingi, kila mtu anataka kujua apande mbegu gani ya bangi na mimi nikishaanza kueleza huwa sifungi mdomo, kwa hiyo bora niandike mara moja.

Tuwekane sawa kwanza. Hapa tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima aliyeishi nchini angalau miezi sita anaruhusiwa kuwa na mimea mitatu ya bangi kwa wakati mmoja nyumbani kwake, na bangi kavu isizidi gramu 50. Kuuza hapana, na hata kumgawia rafiki yako mavuno hairuhusiwi, na mimea lazima ikae mahali ambapo mtoto hafiki, mimi hema langu la kuoteshea mimea ndani ya nyumba lina kufuli na chumba kina ufunguo. Ndugu zangu mliopo Tanga, Mombasa, Kampala, tafadhali msiichukue hii kama ruhusa, huko ni jela na ni miaka mingi, mzazi wako hastahili kuja kukuona mahabusu kwa ajili ya mche mmoja.

Sasa otoflawa, yaani hiyo "Auto" kwenye jina, ni nini. Bangi ya kawaida inasubiri usiku uwe mrefu ndo ichanue. Sisi tuliokulia Tanga hatulijui hilo maana kwetu jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, mchana na usiku karibu sawa. Hapa Leipzig mwezi wa sita bado kuna mwanga saa tatu na nusu usiku, siku ina zaidi ya saa 16 za jua, kwa hiyo mmea wa kawaida ukiuweka nje unakaa tu unatoa majani mpaka mwezi wa nane ndo unaanza kufikiria maua, ukija kukomaa ni mwezi wa kumi, mvua, baridi, ukungu, maua yanaoza kwa ndani huku kwa nje yanaonekana mazima. Otoflawa haijali hayo. Ina damu ya ruderalis, bangi fupi ya mwituni ya huko Urusi ambayo mtaalamu wa mimea aliipa jina mwaka 1924, na yenyewe inachanua kwa umri. Wiki ya nne hivi maua yanaanza, wiki ya kumi au kumi na moja unavuna, uwe umewasha taa saa 18 au 20 ni sawa tu.

Ila uzuri huohuo ndo ugumu wake. Saa yake haisimami. Mmea wa kawaida ukiuumiza unaupa wiki mbili za kupona kabla hujaubadilishia mwanga, oto ukiiumiza siku ya kumi na tano itachanua siku yake ileile ikiwa kibete. Ndo maana nasema uchague aina tulivu, isiyo na mambo mengi, na Northern Lights ni hivyo. Aina yenyewe ni ya zamani, ilitoka Marekani ikaendelezwa na kupata umaarufu Uholanzi miaka ya 1980, hii ya oto ni mtoto wake, na maduka mengi ya mbegu wanayo.

Kabla yake nilinunua mbegu za bei rahisi, duka silitaji, pakiti imeandikwa oto kwa herufi kubwa kabisa. Nikapanda mbili. Moja ikachanua vizuri, nyingine siku ya 40 majani tu, siku ya 50 majani tu, siku ya 60 imegusa taa na haina hata unywele mmoja mweupe pale kwenye vifundo. Ilikuwa bangi ya kawaida kabisa. Nisingeweza kupunguza saa za taa ili uchanue kwa sababu ningeunyima mwanga ule wa pili, na mmea usiochanua nao unahesabiwa kwenye mitatu yako, basi nikaukata. Niliumia sana, miezi miwili ya umeme na maji. Toka hapo nanunua duka lenye watu waliolima na kuonyesha picha mpaka siku ya kuvuna, lipo ndani ya Umoja wa Ulaya ambako mbegu za kulima mwenyewe zinaruhusiwa kuingizwa, na mbegu tatu nililipa euro 24.

Msimu wa kwanza wa Northern Lights nilikosea udongo. Nilichukua udongo wa nyanya wenye mbolea kali, mche ukatoa jani la pili lina ncha ya kahawia kama limepitishwa kwenye moto wa kiberiti, na jani la tatu vilevile. Mimea miwili ikanipa gramu 14 na 11. Msimu wa pili nikatumia udongo mwepesi wa kuoteshea nikachanganya na perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa, kama robo, nikapanda mbegu moja kwa moja kwenye mfuko wa kitambaa wa lita 11 na sikuihamisha mpaka mwisho, maana kuhamisha ndo kuiumiza kwenyewe. Mbolea ya maji nilianza wiki ya tatu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na hata maua yalipokuja sikuvuka hapo sana. Nikapata gramu 26 na 21. Hema lilelile, taa ileile ya LED ya wati 100, mbegu za aina ileile.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, watu wanachagua mbegu kwa kuangalia ile namba ya mavuno kwenye pakiti, gramu mia na ngapi sijui kwa mmea. Ya nini? Sheria inakwambia nyumbani usizidi gramu 50 kavu. Ukilima mitatu ya aina inayozaa sana umevuna jinai. Mimi nilipanda miwili nikapata 47 na nikalala usingizi. Kwa hema dogo na sheria hii, aina ya wastani inayofika sentimita 60 au 65 ndo saizi yake.

Mambo mengine mafupi. Sikukata kichwa cha mmea, niliinamisha shina taratibu kwa kamba laini siku ya 18 ili matawi ya pembeni yapate mwanga, ikaitikia ndani ya siku moja. Vijidudu vyeusi vya kwenye udongo vilikuja kwa sababu nilikuwa namwagilia kila siku, nikaweka karatasi za njano za gundi na nikaanza kuunyanyua mfuko kwanza, ukiwa mwepesi ndo namwagilia, vikaisha. Unyevu wakati wa maua niliuweka chini ya asilimia 50, feni ndogo ikizunguka muda wote. Umeme wa taa ulikuwa uniti 1.8 kwa siku, siku 74 ni uniti 133, kwa bei yangu ya senti 33 inakuja kama euro 44, feni juu yake.

Kuvuna usivune kwa kalenda. Mimi nina kile kioo kidogo cha kukuzia mara 60, cha euro chache tu, na jioni nilikuwa napiga magoti naangalia ua moja moja. Kuna vitone vya utomvu vimesimama kama vichwa vya pini. Siku ya 66 vilikuwa kama kioo, unaona mpaka upande wa pili. Siku ya 70 vimepauka kama tui la nazi. Siku ya 74 vichache vimeanza rangi ya asali, nikakata. Angalia kwenye ua lenyewe, vya kwenye majani madogo vinawahi kubadilika na vitakudanganya.

Harufu: wanasema Northern Lights hainuki sana. Mpaka wiki ya saba ni kweli, tamu kidogo, inafanana na ubani na udongo uliopata mvua. Baada ya hapo bila filta ya mkaa jengo zima lingejua, na kukausha ndo zaidi, nilining'iniza matawi humohumo hemani siku kumi, nyuzi 19, giza, filta inafanya kazi, kisha kwenye chupa za kioo nafungua kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Jirani yangu ni mama mtu mzima, nilimuuliza mwenyewe kama anasikia chochote akasema hapana.

Kazi yake ni ya usiku. Inatuliza mwili, macho yanakuwa mazito, nalala. Kama unataka kitu cha kuchangamka mchana, hii siyo, itakuchosha. Na unayeendesha gari, kiwango hapa ni nanogramu 3.5 za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, kwa mililita ya seramu ya damu, na anayetumia mara kwa mara anaweza kuwa nacho hata kesho yake yuko timamu, kwa hiyo mimi siku za kuendesha siigusi kabisa na hata siku ya kabla yake.

Kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye hema dogo naipa nyota nne kati ya tano, nyota moja naitoa kwa ile mbegu moja kati ya tano ambayo iligoma kuota, nimeiweka siku nane haikupasuka. Pakiti ya pili bado nimebaki na moja, iko kwenye friji ndani ya kichupa na mchele kidogo wa kunyonya unyevu. Hiyo naipeleka balkoni baada ya tarehe 15 ya mwezi wa tano baridi ya mwisho ikishapita, upande wa ukuta ambako mtaani hawaoni na mlango naufunga kwa ufunguo, na mwisho wa mwezi wa saba au mwanzoni mwa wa nane inatakiwa iwe tayari.