Syncthing, simu ya mfukoni, na kamusi iliyokuwa inanisahau

Kazi yangu ni kunyoosha Kiswahili cha ripoti za watu kabla hazijafika kwa mfadhili. Ofisi iko katikati ya Dodoma, si mbali na Nyerere Square, nyumbani ni Nkuhungu, na kote kuwili natumia kompyuta ya mezani yenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka. Faili za kazi hazijawahi kunisumbua, flashi inatosha. Kinachochosha ni mipangilio. Kamusi binafsi ya ofisini nimeshaifundisha Hombolo Bwawani, Mvumi Makulu, Handali na majina ya ukoo ya nusu ya mkoa. Ya nyumbani inanipigia mistari myekundu kila mahali, kama mgeni aliyeshuka stendi ya Nanenane asubuhi hii. Na vifupi vyangu vya maneno ndivyo vilivyoniuma zaidi: ofisini naandika herufi mbili, nabonyeza F3, linatoka "Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya" lote, nyumbani nabonyeza F3 na hakitoki kitu.

Nikahamia Syncthing, programu ya kuoanisha folda, yaani kuzifanya zifanane kwenye mashine zako zote. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ilianzishwa na Jakob Borg mwaka 2013. Haina ghala la kati la kuhifadhi mafaili yako: mashine zinaongea zenyewe kwa zenyewe, na mazungumzo yamefungwa kwa usimbaji. Ukishaiwasha usitafute dirisha lake, unaifungua kwenye kivinjari kwa anwani 127.0.0.1:8384. Kila mashine ina kitambulisho kirefu, mafungu 8 yenye herufi au tarakimu 7 kila moja. Usihangaike kukiandika kwenye simu, kuna picha ya QR ya kuskani.

Sasa shida yenyewe, na wengi hukata tamaa hapa: ili mashine mbili zipeane kitu, lazima zote ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Kwangu hilo halitokei. Ofisini tukitoka kila kitu kinazimwa, na nyumbani siwezi kuiacha kompyuta ikila Luku mchana kutwa eti inangoja kamusi.

Jibu ni simu. Nimeifanya kuwa mashine ya tatu, kwa kuwa yenyewe haizimwi na inakwenda kila ninakokwenda. Jioni inachukua mabadiliko ya ofisini kabla sijatoka, usiku inayakabidhi kompyuta ya nyumbani kupitia rauta yangu ndogo, na asubuhi inarudi na ya nyumbani. Angalizo kwa wenye Android: programu rasmi ya Syncthing ilisitishwa mwishoni mwa 2024, inayotumika sasa ni Syncthing-Fork. Uitoe kwenye orodha ya programu zinazobanwa kuokoa chaji, la sivyo simu itaizima kimyakimya nawe utadhani imeharibika. Wa iPhone hawana programu rasmi, kwa hiyo njia hii siwashauri.

Bando? Haliguswi. Nimezima relei (seva za kupitishia data mashine zikiwa mbalimbali) na utafutaji wa nje, vifaa vinaonana pale tu vinapokuwa kwenye mtandao mmoja. Hilo ndilo lililomridhisha dada wa TEHAMA ofisini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, huyu dada hapitishi kitu hivihivi, na mimi namuunga mkono. Aliniuliza kama kuna faili ya mteja humo, nikamwonyesha hamna, akasema haya weka. Ila jueni kwamba waifai nyingine, hasa za wageni, huzuia vifaa kuonana. Hapo Syncthing itabaki inatafuta tu.

Cha kuoanisha, kwenye Windows, kiko ndani ya folda hizi kwa mfuatano: AppData, Roaming, LibreOffice, 4, user. (Ndiyo, folda inaitwa 4 hata kama toleo lako ni la 24 au 25. Msiniulize mimi.) Ndani yake chukua wordbook, autotext na template, basi. Usibebe folda nzima ya user, maana humo kuna registrymodifications.xcu inayotunza hata ukubwa wa madirisha na orodha ya nyaraka ulizofungua karibuni. Hakuna haja nyumbani kwako kujue ofisini ulifungua nini.

Funga LibreOffice kabla ya kuondoka. Ukigusa kamusi pande zote mbili kabla hazijakutana, Syncthing haitupi ya mtu: nakala yenye tarehe ya zamani inabaki pembeni ikiwa na "sync-conflict", tarehe na saa kwenye jina lake. Faili za .dic ni maandishi ya kawaida, unazifungua kwa Notepad na kuhamisha maneno yaliyokosekana. Vifupi ni habari nyingine. Vinakaa kwenye faili za .bau, ambazo ni vifurushi vilivyobanwa na haviunganishwi kirahisi namna hiyo, kwa hiyo kifupi kipya nakiongeza ofisini tu. Washa pia utunzaji wa matoleo ya zamani, kwa sababu ukiisakinisha huwa umezimwa.

Njia za mkato za kibodi zenyewe zimo kwenye mipangilio ambayo hatuigusi, lakini dirisha la kubinafsisha kibodi lina kitufe cha kuhifadhi. Inatoka faili ya .cfg, naiweka kwenye folda ya template na kuipakia upande wa pili mara chache ninapobadilisha.

Kwa kivinjari sijahitaji Syncthing. Firefox ina huduma yake ya kuoanisha alamisho na viongezi kwa akaunti moja, ila nywila nimezitoa kwenye orodha kwa sababu kompyuta ya ofisini tunaitumia wawili.

Syncthing naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya usanidi wa mwanzo: bila mtu wa kukukalia pembeni, jioni nzima inaweza kuisha. Na kama kote kuwili una intaneti ya uhakika na hujali mafaili kupitia seva za watu, huduma yoyote ya wingu itakutosha, usijitese.