Nilibadilisha rimu, taa ya upepo ikagoma kuzimika

Niliponunua rimu mpya za gari niliiona kazi kuwa ya saa moja: ng'oa za zamani, funga mpya, balansi, ondoka. Nilichosahau ni sensa za upepo (si ile ya kuhesabu watu), vile vidude vinavyokaa ndani ya tairi, vimeshikana na valvu, na kuiambia dashibodi upepo umebaki kiasi gani.

Za zamani zilikuwa na miaka tisa. Betri yake imefungiwa humo humo, haibadilishwi. Ikiisha, unatupa sensa nzima. Moja ilishaanza kupotea asubuhi zenye baridi, kwa hiyo kuzihamishia kwenye rimu mpya niliona ni kujitafutia kazi ya kufungua matairi mara mbili. Nikaagiza nne mpya.

Matairi yalifunguliwa mara mbili vilevile.

Fundi wa kwanza alizifunga, nikawasha gari, taa ya upepo wa matairi kwenye dashibodi ikapepesa kama dakika nzima kisha ikatulia ikiwaka. Akaniambia, "Tembea tu kaka, itazimika yenyewe." Yapo magari yanayojifunza sensa mpya yakiwa barabarani, kwa hiyo sikubisha. Siku mbili nikatembea nayo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, tairi limepungua upepo. Ikipepesa kwanza ndipo itulie, mfumo wenyewe una shida, mara nyingi gari haizisikii sensa.

Fundi wa pili alikuja na kifaa chenye ukubwa wa rimoti. Alikigusisha karibu na kila valvu, sensa ikaamka, kioo kikaandika upepo, joto, namba ya utambulisho na masafa ya mawimbi ya redio inayotumia kuongea na gari: 433. Gari langu linasikiliza 315. Magari mengi ya Ulaya yanatumia megahezi 433, mengi ya Marekani na Japani 315, na kwa macho sensa hizo zinaweza kufanana kama mapacha. Ni sawa na redio iliyofunguliwa stesheni nyingine: unaweza kutembea mwaka mzima, hutasikia kitu.

Zikaletwa sensa za kuandikwa upya. Namba za zile za zamani zilinakiliwa ndani yake ili gari lidhani hakuna kilichobadilika. Bahati nzuri nilikuwa nimezihifadhi kwenye buti. Tatu zilisomeka, ya nne betri ilishakata roho, ikabidi namba isomwe ubavuni mwake kwa tochi ya simu. Herufi na tarakimu nane, wino umefifia, na ya tano hatukujua kama ni 8 au B. Tukaandika 8, gari likakataa. Tukaandika B, tairi likiwa tayari limefungwa maana kifaa kinaandika bila waya, na taa ikazimika.

Huyu fundi nampa alama zote. Alikandamiza tairi upande ulio mbali na valvu ili mashine isivunje sensa, akaweka mipira mipya ya kuzuia upepo, na nati akaikaza kwa spana ndogo yenye kipimo. Wa kwanza alikaza kwa hisia.

Huu ni mwezi wa tatu tangu taa izimike. Wiki iliyopita tairi moja lilishuka upepo kutoka psi 33 hadi 26, gari likaniambia kabla sijahisi chochote kwenye usukani, ulikuwa msumari. Kama unapanga kubadilisha rimu, uliza masafa kabla tairi halijafungwa. Na sensa zako za zamani ziandike kwa kalamu kila moja imetoka gurudumu lipi. Mimi sikuandika: dashibodi ilisema msumari uko nyuma kulia, nikaupapasa huko robo saa nzima, kumbe uko mbele kushoto.