Fixmap au ioremap, ipi utumie kerneli ikiwa ndo inaamka?

Naongelea Linux hapa, na zote mbili ni njia za kuipa anwani halisi ya memori au kifaa anwani pepe, ile ambayo kerneli inaitumia. Kerneli ikianza tu kuwaka haina hata pa kuomba memori, kwa hiyo ioremap isahau kwanza, yenyewe inataka eneo la vmalloc (sehemu ya anwani pepe za kugawa kerneli ikishaamka) na peji za kujengea meza za kutafsiri anwani, na vyote hivyo bado. Fixmap ni kitu kingine: anwani pepe zimeshapangwa wakati wa kukompaili, kila matumizi na namba yake, meza zimekaa ndani ya kerneli yenyewe, wewe unaita set_fixmap unaipa anwani halisi basi. Ndo maana earlycon (konsoli ya mwanzo ya kuchapa ujumbe) inachapa mapema vile, na arm64 (prosesa za ARM za biti 64) inasoma device tree (maelezo ya vifaa vya mashine) humohumo. Halafu anwani ni konstanti, kompaila inaiweka moja kwa moja, hakuna pointa ya kwenda kusoma (hii mi naipenda sana).

Shida nafasi finyu. Hata early_ioremap, ile ioremap ya muda ya mwanzoni inayokopa humohumo kwenye fixmap, kwa x86 (prosesa za Intel na AMD) ina sloti 8 tu za KB 256 kila moja, na usiporudisha kerneli inalalamika. Kumapu kitu kikubwa kama memori ya kadi ya video subiri ioremap, utapewa anwani yoyote iliyo wazi na draiva wala haijali.