Makumbusho ya Plantin-Moretus, Antwerp: maoni ya mpanga herufi mstaafu

Natoa nyota tano bila kusita. Makumbusho mengi ya vitabu hukuonyesha vitabu ndani ya vioo, unazunguka, unatoka. Haya ya uwanja wa Vrijdagmarkt, Antwerp, Ubelgiji, yanakuonyesha kiwanda chenyewe cha kuchapa vitabu, mahali palepale kilipohamia mwaka 1576. Mimi nimepanga herufi za risasi Dar es Salaam hadi kompyuta zilipotupokonya kazi, kwa hiyo niliingia kama mtu anayerudi zamu.

Mwenye kiwanda, Christophe Plantin, alikuwa Mfaransa na fundi wa kujalidi vitabu. Inasemekana alichomwa upanga begani usiku mmoja kwa kufananishwa na mtu mwingine, kazi ya kujalidi ikamshinda. Mwaka 1555 akaanza kuchapa. Baada yake kiwanda kilishikwa na mkwewe, Jan Moretus, kisha na ukoo wake hadi walipouuzia mji mwaka 1876, na inaonekana hakuna aliyewahi kutupa kitu humo.

Chini utakuta mashine mbili za mbao za karibu mwaka 1600, kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Mashine moja ilitaka watu wawili: mmoja anapaka wino kwa mipira ya ngozi, mwenzake anavuta mpini. Kwa siku walitoa karatasi zipatazo 1,250, pande zote mbili. Hapo ndipo umkumbuke mwandishi wa mkono, aliyeinama miezi mingi akatoa kitabu kimoja.

Lakini usiishie kushangaa mashine. Nenda chumba cha wasahihishaji ukae kidogo. Mwandishi wa mkono akikosea, ameharibu nakala moja. Mpiga chapa akikosea, kosa linafika Paris na Lisbon pamoja, na ndiyo maana palikuwa na watu wanaolipwa kusoma prufu tu, yaani karatasi za majaribio za kutafutia makosa. Faida yake ni kubwa: daktari wa mji huu na daktari wa mji ule wanaangalia mchoro uleule wa mmea, ukurasa uleule, wanabishana kwa barua na kila mmoja anajua mwenzake anasoma nini. Kwangu hilo linazidi hata wingi wa nakala. Cornelis Kiliaan, msahihishaji wa humu, alikusanya pia kamusi ya Kiholanzi. Na Magdalena, binti wa Plantin, alisoma prufu za Kiebrania na Kigiriki akiwa bado mtoto. Wasichana wa nyumba hiyo hawakubembelezwa.

Nilikaa sana kwenye makasha ya herufi. Sisi tuliletewa seti zilizopimwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinakula sana "a", "k" na "w". Ukurasa haujafika nusu, "a" zimekwisha! Unangoja ukurasa mwingine uchapwe, uvunjwe na herufi zake zirudi kashani, ndipo uendelee. Plantin hakungoja mtu. Zimehifadhiwa hapa mihuri ya chuma iliyochongwa herufi ipatayo 4,500, na kalibu za shaba zaidi ya 15,000 zilizogongwa kwa mihuri hiyo ili kumiminia herufi za risasi, na chumba cha kuyeyushia risasi kiko ghorofani. Huo ni mtaji, ndugu zangu, na mtaji huua pia: Biblia yake ya lugha tano, juzuu nane, iliyochapwa 1568 hadi 1573, ilimwachia madeni mazito kwa sababu fedha za mfalme wa Hispania hazikuja kwa wakati.

Kiwanda hichohicho mwaka 1570 kilichapa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na Kanisa. Kazi ni kazi.

Kwetu Unguja teknolojia hii ilishika mizizi karne tatu baadaye, kwa mtambo wa wamisionari wa Kianglikana wa Askofu Steere, ambako vijana waliokombolewa utumwani walipanga herufi, na kwa mtambo wa Sultan Barghash uliochapa vitabu vya Kiarabu. Nikiwa Antwerp niliwafikiria zaidi vijana wale kuliko wakubwa waliochorwa na mchoraji Rubens, picha zao zikiwa kutani. Picha hizo ni nzuri, zipite tu.

Wenye magoti mabovu wajue ngazi ni nyingi, ni nyumba ya kale. Jumatatu hawafungui. Tenga saa mbili au zaidi, na uulize mapema kama siku hiyo watachapa kwa mkono. Kahawa kanywe mitaa ya nyuma. Uwanjani nililipa bei ya chakula cha mchana.